Hewa ya Hema la Biharusi

Hema lisilo na feni ni chungu chenye mfuniko, na Tamima binti Mbaruku hakuwa na nia ya kumpika mtu. Ndivyo alivyowaambia wasafiri kila alfajiri, walipofika kambini miguu imewavimba na kila mmoja anatafuta pa kujitupa alale. Kwanza feni, alisema, halafu usingizi. Walinung'unika, wakatii, kwa sababu katika misafara yote iliyopanda kutoka pwani kwenda milimani hapakuwa na fundi wa hema aliyemzidi, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kukuambia hivyo.

Kambi ya siku ile ilikuwa katikati ya shamba la mkonge lililokufa, nje ya Korogwe. Maboriti ya mikonge yalikuwa yamesimama makavu, mistari kwa mistari, mazuri kwa nguzo. Msafara ulikuwa ukimpeleka biharusi Lushoto. Ulitembea usiku kama misafara yote, maana tangu jua lilipokuwa jua hili la sasa, hapakuwa na mtu wa nyika aliyekaa nje kuanzia saa tatu asubuhi mpaka karibu na magharibi. Saa hizo ziliitwa mafungio. Jua likipanda, mahema yanafungwa. Anayetoka hutafutwa jioni, na kwa kawaida huwa hajafika mbali.

Tamima alianza na hema la biharusi. Alipiga magoti upande wa kivuli, akaifunga feni ya chini kwenye tundu lake, shingo yake ikiingia katika handaki dogo lililofunikwa majani ya mkonge, ili hewa ipoe kidogo kabla ya kuingia kwa wenyewe. Kisha akapanda juu ya kreti, akaifunga feni ya pili kwenye pembe ya paa, upande ambao upepo ulikuwa ukielekea. Ya chini inavuta, ya juu inatema. Ukizigeuza, unajipulizia joto lako mwenyewe mpaka uive. Betri aliifukia ardhini mpaka kiwiko, kwa kuwa betri nayo hufa kwa joto kama binadamu. Juu ya hema alitandaza kitambaa cha jua, kile kinachozalisha umeme, akakiachia nafasi ya ngumi moja kutoka kwenye paa, kiwe umeme na kivuli kwa pamoja. Mwisho alitoa uzi mwekundu wa kanga, akaushika mbele ya feni ya chini. Uzi ukalala kuelekea ndani. Akaushika mbele ya feni ya juu, ukalala kuelekea nje.

"Linapumua," alisema.

"Linapumua mno," alijibu Bi Mishi kutoka ndani. Bi Mishi alikuwa somo wa biharusi, mwanamke wa mwili na sauti, aliyepewa kazi ya kuhakikisha Raya anafika kwa mumewe akiwa ametunzwa kuanzia kisigino hadi nywele. Alikuwa ameshika chetezo mkononi na tenga la kufukizia nguo kwapani. "Tamima mwanangu, hii feni yako inanilia udi. Nikifukiza, moshi wote unakwenda kunukisha mikonge. Ipunguze kidogo."

"Haipunguzwi, Bi Mishi. Mafungio yakiisha, fukiza utakavyo."

"Jioni tunatembea! Nguo haishiki harufu kwa mwendo."

"Basi Lushoto watamuoa hivyo hivyo, ananukia sabuni."

Raya alicheka kwenye kona yake, na Bi Mishi naye akacheka, akapunga mkono. "Haya, fundi wa watu. Tumesikia."

Tamima aliondoka ameridhika. Maisha yake yote alikuwa mwepesi wa kudhani kwamba aliyesikia ametii.

Nje alimkuta Bwana Sechonge, mkuu wa msafara, akiitazama anga. Alikuwa mtu mrefu mkimya, ambaye alizoea kuuliza jambo mara moja tu. Upande wa mashariki, mahali ambapo jua lilikuwa likija, palikuwa na utando wa vumbi wa rangi ya chai ya maziwa.

"Litatudhuru?"

"Litakula nusu ya umeme," alisema Tamima. "Nusu inatutosha, kila hema likivuta haki yake. Na Mgawaji atahakikisha linavuta haki yake."

"Tukamfunge, basi."

*

Mgawaji alikuwa sanduku la chuma lililoweza kubebwa kwa mkono mmoja, na kwa desturi lililala katika hema la fundi. Mahema yote ya kambi yaliunganishwa nalo kwa waya, na katika kila hema ilining'inia pua, kidude kisichozidi punje ya mahindi, kinachonusa uchafu wa hewa. Watu wanapopumua, hewa huchafuka. Ikichafuka zaidi hapa, Mgawaji huongeza umeme hapa na kupunguza kule. Hakujua jina la mtu wala ukoo wake.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani kila sanduku lilikuwa na swichi wazi, na wakubwa wa misafara walijipepea wao na wageni wao, huku wapagazi wakiokotwa jioni na ndimi nje. Baada ya misiba mingi watu wa njia ile walikubaliana: swichi ifungwe kwa ufunguo, ufunguo uvaliwe na fundi, na tundu la ufunguo lizibwe kwa lakiri kila alfajiri mbele ya macho ya wote. Fundi aliapa kutouzungusha ufunguo jua likiwa juu, isipokuwa mahema yakiwaka moto.

Bwana Sechonge aliyeyusha lakiri nyekundu kwa kiberiti, akaidondosha kwenye tundu, akaigandamiza kwa pete yake. Wasafiri walisimama wakitazama. Hakuna aliyekuwa na haki zaidi yake ya kuigandamiza, na wote walijua kwa nini.

Mwaka juzi, katika nyika hii hii, ndugu yake Shekue alizidiwa na moyo wakati wa mafungio. Feni za hema lao zilikuwa zikizunguka kwa uvivu. Sechonge alimwita Tamima kwa redio koli, akamwomba afungue sanduku, aongeze upepo kidogo tu, kwa muda mfupi tu. Tamima alitazama namba kwenye uso wa Mgawaji, akaona kwamba umeme mwingi ulikuwa ukienda kwenye hema la wachuuzi, ambao bila shaka walikuwa wamejazana. Akajibu, "Mgawaji hasikilizi majina, Bwana Sechonge." Shekue alikata roho kabla ya magharibi. Walipomaliza kumzika, Sechonge alimjia Tamima mbele za watu, akampa mkono, akasema, "Ulifanya haki."

Jibu lile lilimjengea Tamima jina kuliko feni zote alizowahi kufunga. Watu walilisimulia pwani na milimani. Huyo ndiye fundi, walisema, hata kwa ndugu wa mkuu hakupinda. Naye Tamima alilipenda jina hilo, tusifichane.

*

Katika hema lake mwenyewe walikuwa wawili tu, yeye na mama yake, Bi Mwanamvua. Bi Mwanamvua alikuwa na kifua kibovu na neno moja alilolirudia tangu walipoondoka Pangani: kwamba kabla hajafa anataka kuhisi baridi. Alikuwa amebeba sweta la sufu la kijani, alilolinunua akiwa msichana, katika miaka ambayo watu wa pwani walivaa sweta mwezi wa saba. Alilitumia kama mto.

Saa sita mchana feni ya juu ilianza kusuasua. Tamima alifumbua macho kabla haijamaliza kubadili sauti. Hewa ilikuwa nzito, ina ladha ya turubai. Mama yake alikuwa amekaa, mikono imeshika magoti, akivuta pumzi fupi fupi kwa mdomo.

"Mama."

"Nipo."

Tamima alichukua upepeo akampepea, akajua mara moja kwamba anampelekea moto usoni. Akalowesha upande wa kanga, akamfuta kifua. Kisha akageukia Mgawaji. Vumbi lilikuwa limekula nusu ya umeme, kama alivyotazamia. Ambacho hakukitazamia ni hema la biharusi. Lilikuwa linavuta karibu umeme wote uliobaki. Mahema mengine yote yalikuwa yakilambishwa, na hema lake, lenye watu wawili wasiopumua sana, lilikuwa la mwisho kabisa.

Redio ilikoroma. "Fundi," ilisema sauti ya Sechonge. "Feni za kwangu zimelegea."

"Za wote zimelegea. Umeme uko kwa biharusi."

"Wako wanne tu mle."

"Najua." Aligeuza redio. "Bi Mishi. Bi Mishi, nijibu." Hakuna aliyejibu. Wamelala, aliwaza, na nani hangelala katika upepo wote ule?

Nyuma yake mama yake alikohoa, kikohozi kikavu kisichofika mwisho, kisha akajilaza ubavu. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu. Tamima alimwita mara mbili kabla hajaitika.

"Fundi," ilisema redio tena. "Bi Mwanamvua vipi?"

Angeweza kusema hajambo. "Anazidiwa," alisema.

Halafu Sechonge akasema polepole, "Fungua sanduku, Tamima. Sitasema neno. Na mwingine akisema, nitamjibu mimi."

Kama angemtukana ingekuwa nafuu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sechonge hakuitamka methali hiyo, na wala hakuwa na haja ya kuitamka. Tamima alihisi uso wake unawaka kwa aibu, kisha akahisi kitu kibaya zaidi, kwamba aibu haikumzuia. Kama kulipa kwa jina lake lote kungempa mama yake pumzi ya jioni hiyo, angelilipa palepale bila kuomba punguzo. Alivuta ufunguo kutoka shingoni. Alibonyeza lakiri kwa kidole gumba, ikapasuka, vipande vyekundu vikadondoka mkekani. Akauingiza ufunguo.

Kuuzungusha ilikuwa kazi ya nusu pumzi. Hema la biharusi lingekatwa, na upepo ungerudi kwa wengine. Wanawake wanne wangetoka jasho kidogo. Nani amekufa kwa jasho kidogo?

Alitazama namba ya pua yao mara ya mwisho, ajue anawanyang'anya kiasi gani, na hapo mkono wake ukasimama. Namba ilikuwa inapanda. Feni zao zilikuwa zikienda kwa nguvu zote, na hewa bado ilikuwa inazidi kuchafuka. Wanawake wanne hawawezi kuchafua hewa namna ile hata wakiimba. Hata soko zima lisingeweza. Mle ndani kulikuwa na kitu kingine kinachokula hewa, na hakikuwa mtu.

*Hii feni yako inanilia udi.*

Mkaa. Mkaa wa chetezo, ndani ya hema lililofungwa mpaka chini dhidi ya vumbi, na Bi Mishi asiyejibu redio. Moshi wa mkaa haumkohozi mtu, unamlaza. Kitu kimoja kilichokuwa kikiwatenga wale wanne na kaburi ilikuwa ile feni ya juu, nayo ilikuwa inazunguka kwa umeme ambao vidole vyake vilitaka kuukata.

Tamima alichomoa ufunguo kana kwamba umemuunguza.

"Bwana Sechonge, wamewasha mkaa kwa biharusi. Nakwenda."

"Nje?" ilisema redio. "Utaanguka kabla hujafika! Wewe ongeza—"

Hakusubiri. Alikuwa anatafuta kitu cha kujifunika, na kila kitu alichokishika kilikuwa chepesi, kanga, shuka, mtandio, vitu ambavyo jua lile lingevikausha kabla hajapita nguzo ya kwanza. Ndipo Bi Mwanamvua, ambaye Tamima alidhani hasikii tena, alipolisukuma sweta kwa mguu.

"Sufu inashika maji," alisema mama yake. Ilimchukua pumzi tatu kulimaliza neno hilo. "Nilitaka nilivae penye baridi. Kalivae wewe penye moto."

"Nikienda, mama, utabaki peke yako."

"Nilikuzaa peke yangu. Nenda."

Akamimina maji yao ya kunywa yote kwenye sweta, akalivaa likichuruzika, akavuta kanga iliyolowa juu ya kichwa, akafungua zipu, akatoka.

Nje palikuwa peupe. Joto lilimshika uso kwa mikono miwili. Alikwenda bila kukimbia, kwa sababu anayekimbia huvuta pumzi kubwa, na hewa ile haikuwa ya kuvutwa sana. Sweta lilitoa mvuke. Alihesabu nguzo za mkonge kwa kuzigusa, moja, nyingine, nyingine, mpaka hesabu ikampotea. Alipolifikia hema la biharusi, sufu mabegani ilikuwa imekauka na kuanza kuchoma.

Hakubisha hodi. Aliivuta zipu mpaka mwisho.

Harufu ya udi ilimpokea, tamu, nzito, ya sherehe kabisa. Wanawake wanne walikuwa wamelala kwa heshima zao, Raya katikati, hina mpya miguuni. Katikati ya hema lilisimama tenga limefunikwa kwa nguo za biharusi, na chini yake chetezo kikubwa kilijaa makaa mekundu. Na kwenye tundu la feni ya chini, ile feni inayoingiza hewa, Bi Mishi alikuwa amesokomeza doti zima la kanga, ili upepo usimpeperushie moshi wake.

Tamima alilipiga tenga teke. Alikishika chetezo kwa upindo wa sweta, akakitupa nje, akakifukia kwa mchanga kwa miguu. Akang'oa kanga tunduni. Feni ya chini ikalia, ikashika, ikaanza kuvuta. Kisha akamshika Raya mabega akamtikisa, akampiga kofi, hakuna wakati wa adabu, mpaka msichana akatapika na kulia. Wawili wengine waliamka wenyewe wameshika vichwa. Bi Mishi ndiye aliyechelewa. Tamima aliukokota mwili wote ule mpaka mbele ya feni, akaupiga mgongoni, akaita jina lake, akamtukana pia, na hatimaye Bi Mishi akafumbua jicho moja.

"Nguo," alisema. "Zimeungua?"

Hapo Tamima alikaa chini akacheka, na kicheko kikageuka kilio bila kumuomba ruhusa.

Redio ya Bi Mishi ilikuwa chini ya mto. Aliinyakua. "Mama. Mama, nijibu." Hakuna. "Mama!"

Redio ilikoroma muda mrefu.

"Tamima," ilisema sauti nyembamba ya Bi Mwanamvua. "Hii feni yako inapiga kelele sasa. Hailaliki humu."

*

Jioni, mafungio yalipokwisha, wasafiri walikusanyika kama ada ili Mgawaji afunguliwe. Bwana Sechonge aliinama juu ya sanduku, akanyanyuka.

"Lakiri imevunjwa."

"Nimeivunja mimi," alisema Tamima. Alikuwa amesimama wima, uso umebabuka na mdomo umepasuka, na alilisema kwa sauti ile ile aliyotumia kuamrisha watu wafunge feni. "Niliuingiza ufunguo, kwa ajili ya mama yangu. Sikuuzungusha. Ningeuzungusha, leo tungekuwa tunachimba makaburi manne. Anayetaka fundi mwingine aseme."

Bi Mishi alikuwa anatazama miguu yake, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Watu wakaenda kukunja mahema.

Sechonge alibaki. Alisubiri mpaka wote walipokwisha kuwa mbali.

"Siku ile ya Shekue," alisema. "Uliniambia hema la wachuuzi ndilo linalovuta."

"Ndilo."

"Walikuwa wengi?"

Tamima alikuwa amelijua swali hilo tangu mchana, tangu alipoona namba ikipanda. Siku ile ya Shekue pia namba ya wachuuzi ilikuwa ikipanda. Wachuuzi wale walikuwa wapika kahawa.

"Sijui walikuwa wangapi," alisema. "Wala sijui kama walikuwa na moto. Sikuwauliza. Redio ilikuwa mkononi, nikatazama namba, nikakujibu wewe." Aligusa ufunguo shingoni. "Niliona kuuliza ni udhaifu."

Bwana Sechonge alisimama pale kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Kisha akageuka, akaenda zake, na usiku kucha alitembea mbele ya msafara bila kuangalia nyuma. Tamima alitembea kando ya mkokoteni aliolazwa mama yake. Lile jina lake kubwa hakulistahili, na alijua kwamba mwenye haki ya kumwambia hivyo alikuwa mwenye ule mgongo mrefu mbele, ambao pengine usingemgeukia tena.

Alfajiri walipiga kambi chini ya milima. Alifunga feni zote, za chini zikavuta, za juu zikatema, uzi mwekundu ukalala ulikotakiwa kulala. Alimaliza na hema lake, akaliweka sanduku tayari, akamsubiri Sechonge aje na lakiri. Watu walikusanyika. Sechonge alikuja, akakitoa kijiti chekundu cha lakiri mfukoni, akakitazama, akakirudisha.

"Imekwisha?" aliuliza mtu.

"Ipo. Kafungeni mahema yenu, nitapita."

Jua lilikuwa linakaribia. Ndani ya hema, tundu la ufunguo likiwa wazi mbele yake kwa mara ya kwanza katika kazi yake, Tamima alisikia hatua za Sechonge zikienda kutoka hema hadi hema, na sauti yake ikirudia maneno yale yale kila mlango. Ilifika kwa biharusi. Bi Mishi alijibu kwa kelele kwamba hana hata njiti ya kiberiti, aje akague. Kisha hatua zikafika kwake, kivuli kirefu kikasimama kwenye turubai.

"Hodi."

"Karibu."

"Mko wangapi humu?"

"Wawili."

"Mna moto?"

"Hatuna, Bwana Sechonge," alisema Tamima, na sauti yake haikuwa ya kuamrisha mtu. "Ahsante kwa kuuliza."

Kivuli hakikuondoka mara moja. Bi Mwanamvua alikuwa amejifunika sweta la kijani mpaka kidevuni, kwa kuwa hewa ya huku, alidai, ilikuwa imeanza kuwa na kaubaridi.

"Haya," alisema Sechonge. "Fungeni." Na hatua zake zikaenda kwenye hema linalofuata.